Shisha ya nyumbani inasumbua? Fuata njia ya hewa kabla hujanunua nyingine

Kuna kitu nakiona mara kwa mara. Mtu ana shisha yake nyumbani, imekaa wiki mbili tatu, ghafla haitoi moshi vizuri au inamkwangua koo, basi anaamua ile shisha ni feki anaenda kununua nyingine, kubwa zaidi, yenye nakshi na taa za rangi chini, anafika nayo nyumbani na tatizo ni lilelile. Kwa sababu tatizo halikuwa shisha. Lilikuwa mkaa ambao haujakolea, au raba ndogo ya kubania iliyopotea siku ya kwanza ya kuosha, afu yeye anaendelea kulipia chupa mpya kila mara.

Mi nikishika shisha inayosumbua nafuata njia ya hewa, basi. Hewa inaingia juu kwenye mkaa, inashuka kwenye kikombe inapita kwenye flava (ile tumbaku yenye ladha), inateremka na bomba la kati hadi ndani ya maji, inatoka mapovu, inajaa ile nafasi iliyo juu ya maji, inaingia kwenye mrija, inafika mdomoni na kwenye mapafu. Hiyo ndo njia yote. Kila dalili ina mahali pake kwenye hiyo njia, na ukijua ni wapi utajua pia kifaa gani kweli kinahitaji kubadilishwa na kipi ni cha kuosha tu.

Kabla ya yote niseme hili na nalimaanisha: hamna kifaa kinachoifanya shisha kuwa salama. Maji yanapoza moshi tu, sumu zinapita. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2005 kwamba kwenye kikao cha saa moja mtu anaweza kuvuta ujazo wa moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, na ule ulaini kooni ndo unaomfanya mtu avute ndani zaidi na akae muda mrefu zaidi. Kama huvuti usianze kwa sababu umesoma hapa jinsi ya kuchagua vifaa. Na kuna nchi zimepiga marufuku shisha kabisa, kwa hiyo jua sheria ya ulipo kwanza. Haya maelezo ni ya yule ambaye tayari anayo ndani na nisingependa aumie nayo.

Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu

Hii naiweka ya kwanza kwa makusudi, maana watu wanaichukulia poa. Utasikia "leo imenipanda" au "hii flava kali", wanacheka wanaendelea kuvuta. Sababu zinaweza kuwa mbili na ni muhimu sana kuzitofautisha.

Moja ni nikotini. Inampata anayevuta, inakuja mapema, hasa kama hujala au umeweka flava ya majani meusi ambayo nikotini yake iko juu. Unatoka jasho jembamba, tumbo linachafuka, unatulia kidogo ukiacha.

Ya pili ni kaboni monoksaidi, ile gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka. Haina rangi, haina harufu, haikwangui koo, kwa hiyo hamna kitu kinachokuonya. Inashika damu pale ambapo oksijeni ilitakiwa ishike. Na hii haichagui nani kashika mrija. Tuliwahi kukaa watu wanne kwenye chumba kidogo, mvua inanyesha, madirisha tumefunga yote maji yasiingie, mkaa mwingine unakolezwa palepale pembeni. Shemeji yangu hakuvuta hata mara moja, alikuwa kwenye kona na simu yake, na ndo alikuwa wa kwanza kusema kichwa kinamgonga. Akasimama aende kunywa maji, akafika mlangoni akashika ukuta akabaki ameushikilia hivyo. Hapo ndo tulishtuka tukafungua kila kitu tukatoka nje wote. Toka siku hiyo kwangu kanuni ni moja: mtu asiyevuta akilalamika kichwa, usibishane naye kuhusu flava, hiyo ni gesi.

La kufanya ukiona hivyo: watu wote nje kwenye hewa safi, sio kukaa karibu na dirisha. Kama kuna mtu amezimia, amechanganyikiwa, anatapika haachi au kifua kinambana, peleka hospitali na uwaambie wazi kwamba alikuwa sehemu yenye mkaa wa shisha, usione aibu. Sema hivyo kwa sababu kile kifaa cha kubana kwenye kidole cha kupimia oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati damu imejaa hiyo gesi, inatakiwa wapime damu yenyewe. Mama mjamzito na watoto wasikae kabisa kwenye hicho chumba, hata kama madirisha yako wazi.

Upande wa vifaa sasa. Watu wanaambiwa wanunue mkaa wa vifuu vya nazi kwamba "hauna gesi". Sio kweli. Ule mkaa ni mzuri kwa mambo mengine nitayasema chini, lakini mkaa wowote unaowaka unatoa kaboni monoksaidi. Flava zisizo na tumbaku pia hazikuokoi hapo, mkaa ni uleule. Vile vichwa vya umeme visivyotumia mkaa vinapunguza hii gesi, ila nikotini na uchafu mwingine wa moshi unabaki. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu cha ziada kwa ajili ya shisha ya nyumbani, usinunue taa wala mrija wa mapambo, nunua king'ora cha kaboni monoksaidi ukiweke chumba unachovutia. Kinakaa kimya miezi, halafu siku moja kinalia. Na hata ukiwa nacho, vutia nje, kwenye baraza au ua wazi, ndo mahali pake hasa.

Moshi mwembamba, unavuta unapata upepo tu

Hapa asilimia kubwa ya watu wanaongeza mkaa. Wanaongeza cha tatu, cha nne, flava inaungua, sasa wana matatizo mawili. Kabla hujagusa mkaa pima kama hewa inavuja, inachukua nusu dakika na inatakiwa uifanye shisha ikiwa baridi.

Toa kikombe. Weka kiganja juu ya mdomo wa bomba uzibe kabisa, afu vuta mrija. Kama kila kitu kimebana, hamna kitakachokuja, utahisi kiganja kinavutwa chini. Kama hewa inakuja, angalia maji. Maji yametulia hayatoi mapovu lakini hewa unaipata? Basi uvujaji uko juu ya maji, yaani kwenye raba ya chupa, au pale mrija unapoingilia, au kwenye valvu, au mrija wenyewe umetoboka. Maji yanatoa mapovu wakati umeziba juu? Hapo hewa inaingia kwenye bomba lenyewe, kwenye maungio ya kukaza au sehemu iliyochomelewa ikaachia. Ukishajua hilo hujapoteza muda kuzungusha teipu kila kona.

Raba ndo mhalifu mkubwa. Zile za rangi nyeusi zinazokuja bure kwenye boksi zinakauka zinapasuka, za silikoni zinadumu. Lowanisha na maji kabla ya kubandika ikae vizuri, na kama bado inalegea zungusha karatasi kidogo, afu kesho yake ununue saizi sahihi, maana hayo ni mambo ya dharura tu. Chupa nyingine za kisasa hazina raba, zina nyuzi za kukaza kama mfuniko, hizo zinabana vizuri ila nyuzi zikiingia vibaya mara moja tu zimeharibika, kwa hiyo kaza taratibu.

Valvu nayo. Ile ya kutolea moshi uliochakaa, ndani yake kuna kigololi kidogo. Moshi una utomvu, kigololi kinanata, kinabaki kimeinuka, hewa inaingia hapo wewe unalaumu flava. Fungua, futa kwa kitambaa chenye maji ya moto, kausha, rudisha. Na wakati unaosha chini ya bomba la maji weka kitu kwenye sinki, nimeona watu wanamwaga vigololi vinaenda na maji halafu shisha nzima inakuwa haina maana kwa sababu ya kitu kidogo kama punje ya dengu. Shisha za mirija miwili nyingi hazina vigololi kwenye matundu ya mirija, kwa hiyo mmoja akivuta mwingine lazima azibe wa kwake na kidole. Ukiwa unanunua ya mirija miwili uliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

Kama imebana vizuri na bado moshi hauji, basi ni joto au flava. Mkaa uliokaa sehemu yenye unyevu hauwaki vizuri, unakuwa na jivu nene juu na ndani ni baridi. Flava iliyokaa wazi ikakauka haitoi moshi, kwa sababu ule moshi mweupe mzito mwingi wake unatokana na glisirini iliyochanganywa na molasi kwenye tumbaku, ikishakauka hiyo umebaki na majani tu. Fungasha vizuri, usiweke juani.

Kuvuta ni kazi, mashavu yanauma

Gawanya shisha katikati. Toa kikombe, vuta. Imekuwa nyepesi? Tatizo lilikuwa juu: flava umeishindilia, au matundu ya foili inayofunika kikombe ni machache, au matundu ya kikombe yameziba. Bado nzito? Tatizo liko chini, na nitakwambia ni maji.

Watu wanajaza maji wakidhani mengi ndo yanachuja zaidi. Yale maji kazi yake ni kupoza, na kila sentimita ya bomba iliyozama ni mzigo ambao pumzi yako inauinua kila unapovuta. Ncha ya bomba izame sentimita 2 hadi 3, basi, kama kiungo cha kidole gumba. Shika bomba pembeni ya chupa kwa nje uone ncha inafika wapi, afu jaza juu kidogo ya hapo.

Maji yakiwa sawa, toa mrija uupulize peke yake. Mirija ya zamani ile ya ngozi na waya ndani ina njia nyembamba kweli. Bomba pia, yale membamba ya mtindo wa kizamani yanabana kuliko ya siku hizi yenye tundu la milimita 12 hivi. Hii ni ladha ya mtu, kuna wanaopenda ile mbano na mlio wa maji, sio ubovu. Ila kama bomba lako ni pana na mrija ni mwembamba, upana wa bomba hauna faida, njia yote inabanwa na sehemu yake iliyo nyembamba zaidi. Ile ncha yenye vitundu vingi inayowekwa chini ya bomba inapunguza kelele na kufanya mvuto uwe laini, lakini inaziba haraka, isafishe au itoe.

Koo linawaka, ladha ya kuungua

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo malalamiko makubwa na ndo watu wanapotupa pesa.

Ikija dakika za mwanzo kabisa, ni mkaa haujakolea. Kipande chenye doa jeusi hata upande mmoja bado kinatoa moshi wake mchafu, na huo unauvuta wewe. Vipande vya vifuu vya nazi vya milimita 25 au 26 vinataka kama dakika 8 hadi 12 kwenye jiko la umeme la koili, unageuza katikati, mpaka viwe vyekundu pande zote na jivu jembamba la kijivu juu. Kolezea nje au dirishani. Usiweke kwenye jiko la umeme la kioo, unaweza kulipasua, na kwenye jiko la gesi vumbi la mkaa linaziba matundu ya moto. Ule mkaa wa kuwaka haraka, unaogusa na kiberiti unaanza kutoa cheche, umewekwa kemikali za kusaidia kuwaka, ndo maana unanuka kama baruti na ile harufu inashuka moja kwa moja kwenye flava. Ni rahisi ndiyo. Mi kwangu hauingii.

Ikija katikati ya kikao, joto limezidi. Toa kipande kimoja, puliza mrija taratibu moshi uliokaa utoke kwenye valvu, subiri dakika mbili. Ikishaungua kabisa ikawa na ule uchungu wa masizi hairudi, usijaribu kuiokoa, mwaga.

Ikija kila siku hata ufanye nini, angalia ulivyopanga kikombe. Flava ikigusa foili inaungua, lazima kuwe na nafasi ya milimita 2 au 3. Ipekuepekue na uma iwe kama nyasi zilizolegea, idondoshe bila kuikandamiza. Foili iwe nene, kama ni ile nyembamba ya jikoni kunja mara mbili, ivute ikaze kama ngozi ya ngoma, isibonyee katikati mkaa ukikaa. Matundu madogo mengi, sio makubwa machache, makubwa yanapitisha jivu. Mkaa anza nao kwenye ukingo, sio katikati.

Sasa kikombe chenyewe, na hapa ndo pa kuweka pesa kama unaweka popote. Kile cha udongo cha kawaida kina matundu chini, flava yenye majimaji mengi inachuruzika inashuka kwenye bomba hadi kwenye maji, unabaki na majani makavu yanayoungua. Ukiona bomba linanata sana ndani na maji yana rangi ya chai mapema sana, hicho ndo chanzo. Kwa flava za kisasa zenye maji mengi chukua kile chenye mnara mmoja katikati na tundu juu ya mnara, majimaji yanabaki kwenye bonde kuzunguka, flava haikauki haraka. Angalia tu usizibe tundu la mnara na flava wala foili isililalie, ikililalia umerudi kwenye tatizo la mvuto mzito. Udongo unashika joto na kulitoa polepole, naupenda zaidi. Silikoni haivunjiki, inafaa nyumba yenye watoto wanaokimbia, lakini hailishiki joto vile na ya bei ya kutupa inanuka mpira ikipata moto. Kioo kinasafishika vizuri kuliko vyote na kinapasuka vizuri kuliko vyote. Na udongo wa moto usiuweke chini ya maji ya baridi, utasikia tu ta!

Vile vikopo vya chuma vyenye mfuniko vinavyokalia kikombe badala ya foili ni kitu kizuri kweli kwa mtu wa nyumbani, sio kwa sababu ya ladha, kwa sababu mkaa umefunikwa hauanguki kirahisi. Ila lazima kikae kwenye kikombe chako, pima kipenyo kabla ya kununua. Na mfuniko ukifungwa muda mrefu joto linapanda sana, kwa hiyo ile ladha ya kuungua inaweza kuwa ni mfuniko tu, ufungue.

Maji yanapanda hadi mdomoni

Maji mengi, au unavuta kwa pupa, au tundu la mrija liko chini karibu na maji. Punguza maji. Kama umefika sentimita 2 na bado yanapanda, chupa ni ndogo mno kwa lile bomba, hizo shisha za urefu wa kiganja zina ugonjwa huo na hauponi. Mrija uliopata maji ndani uning'inize ukauke kabisa, ukiufungasha mbichi unaotesha ukungu.

Leo umeweka embe, inaonja anisi ya wiki iliyopita

Anisi na minti zinakaa. Zinaingia kwenye raba, kwenye udongo usiong'arishwa, na zaidi ya vyote kwenye mrija wa ngozi au kitambaa wenye waya ndani. Ule mrija haukutengenezwa kuoshwa. Nilikuwa nao mmoja mzuri wa kushonwa kwa uzi, nikauosha, wiki moja baadaye navuta nahisi kitu kama mchanga ulimini, nikatema kwenye tishu: vipande vidogo vya kahawia. Kutu. Waya wa ndani umelowa umeoza na mimi nauvuta. Niliukata kwa kisu kuuangalia, ndani ulikuwa mwekundu kama msumari wa kwenye paa. Usinunue mrija wenye waya, hata kama ni mzuri kiasi gani. Silikoni laini, yenye mdomo unaotoka, unaosha kwa maji ya uvuguvugu kila baada ya kuvuta, mwisho. Weka mrija mmoja kwa flava kali na mwingine kwa hizi nyepesi kama unabadilisha sana.

Bomba nalo lisafishwe na brashi ndefu na maji ya moto yenye ndimu au siki kidogo, afu suuza mpaka harufu iishe. Kama kutu inarudi hata ukisafisha basi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na kromu ikishaanza kubanduka ndani hamna dawa. Ukinunua nyingine nenda na sumaku ndogo. Ikinasa kwa nguvu, ni chuma kilichopakwa, achana nacho. Isiponasa usishangilie bado, alumini, shaba na zile aloi za zinki nazo hazinasi. Angalia uzito, na mulika ndani ya bomba na tochi ya simu, kwa nje kila shisha inang'aa, ndani ndo utaona mikwaruzo, uchomeleaji mbaya na sehemu isiyopakwa. Stenlesi nzuri inaonekana sawa ndani na nje.

Mdomo wa kuvutia kila mtu na wake. Vile vya plastiki vya kuchomeka vinasaidia lakini havioshi mrija, na kifua kikuu na malengelenge ya mdomo ni magonjwa yanayoweza kupita watu wanapopokezana mrija. Mtu anakohoa siku hiyo, apumzike, asiupokee.

Inayumba

Ndefu yenye chupa nyembamba, basi. Nyumbani kwenye zulia na watu wanaokatiza, sentimita 50 hadi 70 na kitako kipana inatosha kabisa. Hizi ndefu zinazofika kiunoni ni za kuangaliwa. Mrija mzito unaivuta upande mmoja, ukiwa na wa silikoni tatizo linapungua. Sahani ya chini ya kikombe iwe pana kuliko kikombe, ndiyo inayodaka kipande kinachoteleza, na koleo liwe refu la chuma lenye meno, sio kile kibanio cha bure kinachopinda.

Dukani usikubali kununua iliyo ndani ya boksi. Waambie waiunganishe, weka kiganja juu, vuta. Kama wanakataa uvute kwa mdomo, puliza basi kwa kitu chochote, ila ione imeungwa. Na bajeti ikiwa ndogo nunua shisha ya kawaida isiyo na mapambo, kikombe kizuri, mrija wa silikoni, seti ya raba za akiba, jiko dogo la koili. Hizo taa acha.

Harufu ya kuungua, na mmeshamaliza kitambo

Hii ya mwisho sio ya shisha, ni ya pipa la taka. Kipande cha mkaa kilichofunikwa na jivu kinaonekana kimekufa, ukikishika kwa juu hata hakikuchomi sana, na ndani bado kina moto unaoweza kukaa muda mrefu. Ukikimwaga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na tishu na makaratasi, ukaenda kulala, umeacha moto ndani ya nyumba. Weka ndoo ndogo ya chuma yenye maji karibu na unapovutia, mkaa wote uingie humo na koleo, kimoja kimoja, usikie kila kimoja kinavyolia kwenye maji. Ndoo ikae nje mpaka asubuhi.